Bakuli la mtori: uchambuzi wa kisa cha mzee "aliyekataa kula"

Karatasi iliyoletwa ofisi ya ustawi wa jamii kutoka wodini ilikuwa na mstari mmoja: "Saratani ya umio, anakataa kula, ndugu hawaelewani, naomba ushauri nasaha." Umio ni njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Karatasi za namna hii tunazipokea sana, na aliyeiandika kwa kawaida anatarajia tumkalishe mgonjwa chini tumsihi ale. Kwa mzee huyu, kusihiwa ale ndiko kulikokuwa kukimtesa.

Familia ni ya Kilimanjaro, kule juu migombani. Mambo yao nimeyachanganya na ya familia nyingine tulizohudumia, na yanayoweza kuwatambulisha nimeyabadilisha. Majina sitoi. Mgonjwa nitamwita Mzee na mkewe Mama, kama tulivyowaita tulipokaa nao.

Ugonjwa na safari ya kuufikia

Mzee alikuwa na miaka 61, mkulima wa ndizi na kahawa, baba wa watoto watano. Wa kwanza ana duka la vipuri vya magari Dar es Salaam. Anayemfuata ni binti, mwalimu wa shule ya msingi, kaolewa kijiji cha jirani. Kitindamimba, kijana wa miaka 23, yuko nyumbani na ndiye anayekata majani ya ng'ombe. Wawili wa kati wako mbali na walisikilizia kwenye simu tu.

Kilichoanza kukwama ni nyama, karibu na Pasaka. Mzee akaacha nyama bila kumwambia mtu. Yakafuata makande, kisha ugali, na kufikia Agosti alikuwa anapitisha vya majimaji peke yake. Muda wote huo alinunua dawa za vidonda vya tumbo kwenye duka la dawa. Saratani ya umio ndivyo inavyokuja: vigumu kwanza, kisha laini, mwisho maji. Umio unatanuka vizuri, kwa hiyo mtu anapohisi chakula kinakwama, njia imekwisha kubanwa sana. Na sisi tuko kwenye ukanda wake. Kuanzia Ethiopia, kushuka Kenya, Tanzania na Malawi hadi Rasi ya Mashariki ya Afrika Kusini, saratani hii inaonekana kwa wingi usio wa kawaida, na wengi wanafika hospitali wakati upasuaji hauwezi tena kuwaponya.

Endoskopia, yaani kuchungulia umio kwa mpira wenye kamera, ilifanyika hospitali ya rufaa ya kanda, kinyama kikachukuliwa, majibu yakatoka. Picha za CT zilionyesha ini nalo limeguswa. Jopo la madaktari likaamua: hakuna upasuaji. Awekewe stenti, yaani mrija wa waya unaotanuka ndani ya umio ili chakula kipite, na aanze tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa usioponyeka.

Majibu hayo daktari alimpa mtoto wa kwanza kwa simu na Mama kwenye korido. Mzee mwenyewe aliambiwa "kuna uvimbe, tutaweka mpira wa kupitishia chakula." Mtoto wa kwanza alikuwa ameomba hivyo: "Msimwambie mzee, atakata tamaa." Nilipomuuliza Mzee anaelewa nini kuhusu ugonjwa wake, alinitazama kwa huruma kidogo. "Mwanangu, ile karatasi imeandikwa onkolojia. Mimi ni darasa la saba, lakini mjukuu wangu ana simu."

Onkolojia ni tiba ya saratani. Kwa hiyo alijua, na alijua kwamba mkewe anajua. Kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake, na katika kulindana huko walikuwa wamebakiza mada moja tu ya kuzungumza: chakula.

Mchana mmoja nyumbani

Nilikwenda nyumbani kwao saa saba mchana kwa makusudi. Familia yenye mgonjwa wa umio ukiihoji ofisini utaambiwa "tunaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu." Saa ya kula haidanganyi.

Mama alikuwa amechemsha ndizi na nyama ya mfupa tangu asubuhi, akaziponda, kisha akauchuja mtori kwa chujio la chai mpaka hakubaki chembe. Aliuweka mezani kwenye bakuli la udongo lenye maua, la wageni. Mzee akageuza kigoda akaelekea ukutani. Kijiko cha kwanza kilipita. Cha pili kilisimama kifuani. Nikamwona ameshika ukingo wa meza, macho yamefumba, anasubiri. Cha tatu kilirudi pamoja na mate mazito yenye povu, akayatema kwenye kopo la maziwa ya unga lililotiwa majivu.

"Baba, jikaze," Mama akasema. "Viwili tu, kwa ajili yangu."

Mzee akajibu bila kugeuka: "Mtori ni wa mzazi. Mimi nimezaa nani?"

Asiye wa huku ajue kwamba mtori ndicho chakula cha mwanamke aliyejifungua. Analetewa kitandani, ananyweshwa, anatunzwa ndani asitoke. Mwanamume aliyezoea kukaa mbele ya sinia la nyama na kukatia wengine sehemu zao, leo analishwa chakula cha mzazi, tena kimechujwa. Hakuna aliyekusudia kumdhalilisha. Mama alipika alichojua ni laini na kina nguvu, na kwa upande wa lishe hakukosea hata kidogo.

Niliona jambo jingine dirishani: kikombe chekundu cha plastiki, cha Mzee peke yake. Mgonjwa wa umio hawezi kumeza hata mate yake, kwa hiyo anatema mchana kutwa. Anakonda, anakohoa. Majirani walikwisha kunong'ona kifua kikuu, wengine UKIMWI, na binti alikuwa amewakataza watoto wake wasishike vyombo vya babu. Babu alikuwa ameliona hilo kabla ya mtu yeyote kumweleza.

Nani anaumwa nini

Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi (nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiopona) ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii yana pande nne: mwili, nafsi, jamii na roho. Kila mfanyakazi wa tiba shufaa ameimbishwa hilo darasani. Kazi inaanza ukitaka kujua ni upande upi unaowaka leo. Tunatumia dodoso fupi la Chama cha Tiba Shufaa Afrika lenye maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza, kila moja likipewa alama 0 hadi 5. Lina mtego wake: katika swali la maumivu 5 ni hali mbaya kabisa, lakini katika swali la "umeweza kuwashirikisha ndugu hisia zako?" 5 ndiyo nzuri. Anayejaza harakaharaka anageuza mgonjwa mwenye shida kuwa mwenye amani.

Mzee alitoa 3 kwenye maumivu. Kwenye kushirikisha hisia alitoa 0. Mama alipoulizwa ana wasiwasi kiasi gani, alisema 5 kabla sijamaliza swali, kisha akauliza kama hakuna sita.

Chakula tukakichukua kwanza. Saratani iliyofikia hatua hii inabadilisha namna mwili unavyotumia chakula: misuli inaliwa, hamu inazimwa, na kumlazimisha mtu kula hakurudishi kilo zilizopotea. Daktari alikuwa analijua hilo, muuguzi pia, na hakuna aliyekuwa amemweleza Mama. Yeye aliamini kila bakuli linalorudi limejaa ni siku moja anayomnyang'anya mumewe. Mzee naye alisikia kila "jikaze" kama lawama ya uvivu. Wote wawili walikuwa wanafanya kazi ngumu kuliko mtu mwingine yeyote katika nyumba ile, na kila mmoja alimwona mwenzake ndiye anayemkwamisha.

Nilimwomba daktari wa timu aeleze hayo mbele ya wote wawili, kwa maneno haya hasa: ugonjwa ndio umezima njaa, Mzee hajakataa, na Mama hajashindwa kupika. Kimya kilikuwa kirefu. Mama akauliza, "Kwa hiyo nikimwacha asile, sijamuua?" Daktari akasema hapana, hujamuua. Ningeweza kukaa na mama huyu miezi sita nikimpa moyo na nisimfikishe pale jibu hilo lilipomfikisha. Hapa nina neno na wenzangu: kumpa mtu moyo ndiko tunakokimbilia tukiogopa maswali. "Usijali, Mungu yupo" ni kweli kwa mwenye imani, lakini mara nyingi tunaitumia kufunga mazungumzo ambayo mgonjwa alikuwa ndiyo kwanza anayafungua.

Kumwondolea Mama kazi ya kulisha bila kumpa nyingine kungekuwa kumfukuza jikoni kwake. Muuguzi alimfundisha kusafisha kinywa cha mgonjwa kwa maji ya chumvi, kumpaka mafuta mgongoni na miguuni, na kupima mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Chakula kikabaki palepale, sharti likabadilika: anakula anachotaka, kiasi anachotaka, na bakuli linaondolewa bila neno. Kuhusu vyombo, binti alielezwa kwamba saratani haiambukizi kwa kikombe wala kwa mate. Kikombe chekundu kiliendelea kukaa dirishani kwa muda, kisha wajukuu wakaanza kukichezea, na tukajua hilo limekwisha.

Mofini ilikuwa na kesi yake. Ni dawa nzuri kwa mgonjwa wa umio kwa sababu ni ya maji, inanywewa kidogo kidogo kila baada ya saa nne, na tangu Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa la nchini Uganda, ianze kuitengeneza kwa unga na maji mwaka 1993, nchi nyingi za kwetu zimejifunza kwamba haihitaji kiwanda kikubwa. Lakini kijijini ilikuwa na sifa ileile ya mpako wa wagonjwa: ukiona inaletwa, andaa sanduku. Mama alikuwa amemzuia padre asije kwa sababu hiyo. Padre alipofika hatimaye, kwa mwaliko wa Mzee mwenyewe, aliulizwa mambo ambayo sikuyasikia na sikupaswa kuyasikia.

Kihamba na India

Ugomvi wa pili ulikuwa wa fedha, na uliendeshwa kwa simu. Mtoto wa kwanza alikuwa ametuma faili kwa wakala wa safari za matibabu, akarudishiwa kwa WhatsApp makadirio ya hospitali ya Chennai, India. Fedha hiyo hana mtu pale nyumbani. Akapendekeza sehemu ya chini ya kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, iuzwe. Kitindamimba akamjibu vibaya sana.

Kimila, nyumba na kihamba cha baba hubaki kwa mtoto wa mwisho, na wa kwanza hupewa chake mapema. Kwa hiyo pendekezo la kaka mkubwa lilisikika hivi: yule aliyekwisha kupata anauza cha mdogo wake. Wazee wa ukoo wamezikwa humo humo. Dada alikuwa katikati, anapigiwa simu na pande zote mbili usiku, na kesho yake ana darasa la watoto sabini. Kama kuna mtu katika familia hii aliyehitaji kupumzishwa ni yeye, na ndiye pekee ambaye hakuna aliyeuliza habari zake mpaka alipoanguka shuleni.

Ni rahisi kumwona kaka mkubwa kuwa mkorofi. Nilizungumza naye kwa simu jioni, baada ya kufunga duka, na nikamuuliza mara ya mwisho kumwona baba yake ni lini. Ilikuwa Desemba iliyopita. Hakuwa amemwona akitema. Picha aliyokuwa nayo kichwani ni ya mtu mzima wa kilo themanini, na mtu wa kilo themanini anastahili kupelekwa India. Nyuma ya makadirio yale ya Chennai kulikuwa na mtoto anayeogopa kuambiwa msibani, "wewe uliyekuwa na uwezo ulifanya nini?"

Tuliitisha kikao cha familia. Kabla yake tulimwomba Mzee ruhusa na tukamuuliza kama anataka majibu yake yasomwe yeye akiwapo. Alisema yasomwe, na baba yake mdogo awepo. Daktari bingwa aliwekwa kwenye simu ya sauti ya juu, na kaka mkubwa aliyekuwa amepanda basi kuja akaruhusiwa kuuliza kila alichotaka. Aliuliza swali zuri: India wangefanya nini ambacho hapa hakifanyiki? Jibu lilikuwa kwamba, kwa saratani iliyofika kwenye ini, nao wangelenga kumwezesha ameze na kumpunguzia maumivu, na stenti ipo hapa kanda.

Akaanza kusema kwamba fedha si tatizo. Baba yake akamkata. "Ukiuza kule chini, nitazikwa kwa nani?"

Baba mdogo akainamisha kichwa. Hoja ya kuuza haikurudi tena. Kilichoamuliwa ni kwamba ng'ombe mmoja auzwe, kaka aongeze, stenti ilipiwe. Bima ya familia ilikuwa CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, na hiyo ilikuwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ngazi ya kanda ilikuwa mfuko wako. Nimeona familia ikilumbana wiki nzima juu ya matibabu ya nje ilhali hakuna aliyewapa kwa maandishi bei ya kinachowezekana hapa nyumbani. Karatasi ya bei ni sehemu ya msaada wa kisaikolojia, hata kama haifundishwi chuoni.

Chai

Mama alinisubiri nje baada ya kikao. Alikuwa amesikia redioni kwamba chai ya moto inaleta saratani ya koo. Kwa miaka yote ya ndoa yao amemwamsha mumewe kwa kikombe kinachotoa moshi, kwa sababu Mzee alikuwa akirudisha kilichopoa. Hakuuliza swali. Alisema tu, "Mimi ndiye niliyekuwa naipika."

Habari ya redioni haikuwa uzushi. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yumkini vinasababisha saratani ya umio. Na watafiti walikwisha kupima chai za watu wa Kilimanjaro hawa hawa na kuchapisha mwaka 2015: wastani wa joto wakati watu wanaanza kunywa ulikuwa takriban nyuzi 70. Ningemwambia Mama "hayo ni maneno tu," angekuwa na haki ya kutoniamini kwa lolote lingine.

Nilimwambia kwamba ni kweli, na kwamba ukweli huo unazungumzia maelfu ya watu kwa pamoja. Kwa mtu mmoja hakuna daktari anayeweza kusema ni chai, au tumbaku aliyoivuta ujanani, au pombe kali, au jambo lisilojulikana. Nyumba zote za mtaa ule zimekunywa chai ya namna hiyo na wengi wamezeeka salama. Kisha nikamwomba amwambie Mzee mwenyewe anachokiwaza. Hilo lilimwogopesha kuliko ugonjwa. Siku aliyomwambia, kwa masimulizi ya binti, Mzee alicheka mpaka akakohoa, akasema angeletewa ya baridi angemrudisha kwao. Lilikuwa jambo la kwanza wanalozungumza baada ya miezi ambalo si vijiko.

Stenti, na nyama ya Desemba

Stenti iliwekwa. Kwa wiki chache nyumba ilibadilika: uji mzito, viazi vilivyopondwa, samaki asiye na miba, maji baada ya kila tonge, mto wa juu wakati wa kulala ili chakula kisipande. Mbege ilichujwa pumba, akainywa kwa vikombe vidogo na wenzake wa rika, kigoda kikielekea mlangoni. Nilipojaza dodoso tena, kushirikisha hisia kulipanda hadi 3.

Desemba ukoo ulirudi kama kawaida, magari yakajaa barabarani, mbuzi akachinjwa. Kaka mkubwa alimkatia baba yake kipande cha nyama. Mzee alikuwa anajua kabisa kwamba nyama ya kipande imekatazwa. Maelekezo aliyasoma mwenyewe. Alikitafuna, akakimeza, stenti ikaziba. Wakarudi hospitali usiku, kikatolewa kwa endoskopia.

Wodini walimgombeza kaka. Mimi nilimuuliza Mzee. Alisema, "Nilitaka nile mbele yao mara moja." Sidhani kama hilo ni kosa la kurekebishwa kwa ushauri nasaha. Ni uamuzi wa mtu mzima aliyepima gharama. Kilichohitaji kushughulikiwa ni kaka, aliyekuwa amejiongezea hatia juu ya hatia, na aliyekaa kwenye benchi la wodi mpaka asubuhi akiwa na koti lenye harufu ya moshi wa nyama. Tulimwita baba yake azungumze naye. Wazee wa kwetu hawasemi "nimekusamehe". Alimtuma aende akaangalie kama majani ya ng'ombe yanatosha.

Baada ya mazishi

Mzee alifariki Februari, nyumbani, maumivu yakiwa yametulizwa, na akazikwa kihambani. Kwa mfumo wetu faili linafungwa siku hiyo. Ziara kwa wafiwa zinaingia kwenye taarifa ya mwezi chini ya "mengineyo," na mafuta ya gari la "mengineyo" yanaombewa kwa barua. Hili nalitaja kwa sababu kazi iliyobaki ilikuwa kubwa. Mama alikuwa anaendelea kuamka usiku kila saa ya mofini. Binti alihitaji mtu wa kumwambia mwalimu mkuu kwamba mapumziko aliyopewa na daktari si uzembe. Kaka na kitindamimba walikuwa wanasalimiana kupitia kwa mama yao, na mpaka naandika haya bado.

Swali la mwisho la familia lilikuwa la binti: je, sisi watoto tupimwe? Kwa saratani ya umio hatuna mpango wa kuwapima wasio na dalili, kama ulivyo ule wa mlango wa kizazi. Nilimwambia kitu anachoweza kukifanya: mtu yeyote wa nyumba hii, hata kijana, chakula kikianza kumkwama na hali hiyo ikaendelea kwa wiki mbili, asinunue dawa za vidonda vya tumbo, aende aombe endoskopia. Waache tumbaku, na pombe kali pia. Na chai inywewe, lakini ikae kwanza mezani.

"Mama atasema imepoa," akajibu.

Nikamwambia ampe yeye kazi ya kuipima.